Danica McKellar, yule Winnie wa The Wonder Years: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Danica McKellar ni nani?

Ni mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa tarehe 3 Januari 1975 huko La Jolla, San Diego, jimbo la California, akakulia Los Angeles. Waliokuwa vijana mwishoni mwa miaka ya 1980 wanamkumbuka kama Winnie Cooper, binti wa jirani katika tamthilia ya The Wonder Years. Waliokuja baadaye wanamjua kwa vitabu vya hisabati, wengine kwa filamu za Krismasi, na wapenzi wa katuni wanaijua sauti yake bila kuijua sura. Maswali mengi kumhusu huzuka kwa sababu watu hawaamini kwamba wote hao ni mtu mmoja.

Alikuwa na umri gani tamthilia ilipoanza na ilipokwisha?

The Wonder Years ilianza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 31 Januari 1988, mara tu baada ya fainali ya Super Bowl, yeye akiwa ametimiza miaka 13 wiki nne kabla. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 12 Mei 1993, akiwa na miaka 18. Ni misimu sita, sehemu 115. Kwa hiyo ujana wake wote ulipita mbele ya kamera, na mtazamaji anaweza kuuona urefu wake ukibadilika msimu hadi msimu.

Hadithi yenyewe imewekwa kati ya 1968 na 1973, katika mtaa wa kawaida wa Marekani ambao jina lake halitajwi. Fred Savage ni Kevin Arnold, Josh Saviano ni rafiki yake Paul, na sauti ya Kevin mtu mzima anayesimulia ni ya Daniel Stern. Haikuwa na vicheko vya kurekodiwa, jambo lililokuwa geni kwa vichekesho vya nusu saa vya wakati huo, na ilitwaa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora ya vichekesho mwaka 1988 ikiwa na sehemu sita tu mkononi.

Aliipataje nafasi ya Winnie?

Kwa usaili, na mpinzani wake wa mwisho alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, Crystal. Danica hakuwa mgeni kabisa. Alikwisha kuonekana katika The Twilight Zone ya miaka ya 1980. Winnie mwenyewe hakukusudiwa kudumu. Alipangwa kama mhusika wa kupita, ndipo watayarishaji walipoona anavyoshikana na Kevin wakamfanya wa kudumu. Crystal naye hakuachwa: alipewa Becky Slater, yule msichana ambaye Kevin anamtumia kumtia Winnie wivu na ambaye baadaye analipiza kisasi kwa Kevin.

Busu la mwishoni mwa sehemu ya kwanza, Kevin na Winnie wakiwa wamekaa msituni baada ya kaka yake Winnie kuuawa vitani Vietnam, lilikuwa la kwanza kwa waigizaji wote wawili, nje na ndani ya kamera. Ukiitazama leo utaona hawajui mikono waiweke wapi. Mkongwe asingeweza kuigiza hivyo.

Alisoma saa ngapi ikiwa alikuwa kazini kila siku?

Hili huulizwa na wazazi zaidi kuliko mashabiki, kwa hiyo tunalijibu kwa urefu.

Sheria za California haziruhusu mtoto kufanya kazi bila kibali, na kibali hicho hufanywa upya kila miezi sita kwa kuonyesha kwamba maendeleo ya shule yanaridhisha. Siku yenyewe imekatwa hivi: mtoto wa miaka 9 hadi 15 anaweza kukaa eneo la kurekodia saa 9, yaani saa 5 za kazi, saa 3 za masomo na saa 1 ya kupumzika. Akiwa na miaka 16 au 17 zinakuwa saa 10: kazi 6, masomo 3, mapumziko 1. Nusu saa ya chakula iko juu ya hapo. Mwalimu wa studio, ambaye lazima awe na leseni, hafundishi tu. Ana mamlaka ya kumtoa mtoto kazini akiona afya, usalama au maadili yake yako hatarini.

Tatizo huwa katika vipande. Taa zinapangwa upya, mtoto anaitwa darasani, dakika 15 baadaye anaitwa tena mbele ya kamera. Kwa utaratibu wa chama cha waigizaji, kipande kilicho chini ya dakika 20 hakihesabiwi kuwa ni somo, kwa hiyo mpangaji ratiba mzembe anaweza kumaliza siku akiwa na mtoto aliyekaa darasani mara sita na bado hana saa zake tatu. Hapo ama kazi inasimama, ama gharama zinapanda. Kwa mtoto anayependa somo linalohitaji kukaa na swali moja kwa muda mrefu, kama hisabati, kukatwakatwa huko ni adha kubwa kuliko uchache wa saa zenyewe.

Na pesa za mtoto zinalindwaje?

Sheria inaitwa kwa jina la Jackie Coogan, mtoto nyota wa filamu bubu. Alipokuwa mtu mzima alikuta mama yake na baba yake wa kambo wameshatumia karibu mamilioni yote aliyoyachuma, akaenda mahakamani mwaka 1938 na kuambulia dola 126,000. California ikatunga sheria mwaka 1939.

Wengi hukosea hapa: ile asilimia 15 ya mapato ghafi ambayo mwajiri lazima aiweke katika akaunti iliyofungwa hadi mtoto afikishe miaka 18 ni marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Wakati The Wonder Years inatengenezwa, ulinzi wa sheria ya zamani ulitegemea mkataba kupitishwa na mahakama, na mikataba mingi haikupitishwa. Watoto wa kizazi cha McKellar walitegemea zaidi uaminifu wa wazazi wao kuliko sheria.

Je, ni kweli aliyeigiza Paul alikuja kuwa mwanamuziki wa roki Marilyn Manson?

Hapana. Uzushi huu ulivuma sana miaka ya 1990 na haufi. Josh Saviano alisoma Yale akawa mwanasheria.

Kwa nini Winnie na Kevin hawakuoana?

Kwa sababu watunzi walikataa kuwadanganya watazamaji. Katika dakika za mwisho msimulizi anaeleza kwamba Winnie alikwenda Paris kusomea historia ya sanaa, kwamba wawili hao waliandikiana barua kila wiki kwa miaka minane, na kwamba aliporudi, Kevin alikwenda kumpokea uwanja wa ndege akiwa na mke wake na mtoto wa miezi minane. Watu bado wanalalamika. Mimi naona ndicho kitu kilichoizuia tamthilia hii isichuje.

Kwa nini aliacha uigizaji akaenda kusoma hisabati?

Neno "aliacha" limezidi. Tamthilia iliisha, alikuwa na miaka 18, na mwaka huohuo wa 1993 akaingia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaani UCLA, kilicho mjini mwake. Uigizaji akauweka kando kwa sehemu kubwa. Alihitimu mwaka 1998 shahada ya kwanza ya sayansi katika hisabati, kwa daraja la heshima la juu kabisa.

Sababu anazotoa mwenyewe zina uzito kuliko ile hadithi tamu ya "nyota aliyegundua kipaji". Chuoni kila mtu alimwita Winnie. Amesimulia kwamba siku moja mwanafunzi alimsimamisha kumuuliza kama si yeye yule, naye akajiandaa kwa jibu lilelile la siku zote. Kumbe aliulizwa kama ndiye aliyepata alama za juu katika mtihani wa kalkulasi. Kwa mtu aliyejulikana tangu utoto kwa maneno aliyoandikiwa na wengine, kutambuliwa kwa kitu kilichotoka kichwani mwake kulikuwa na uzito wake.

Ile thioremu (kanuni ya hisabati iliyothibitishwa) yenye jina lake inasema nini? Kwa lugha nyepesi, tafadhali.

Inaitwa thioremu ya Chayes, McKellar na Winn. Ilichapishwa mwaka 1998 katika Journal of Physics A, na waandishi ni profesa Lincoln Chayes na wanafunzi wake wawili, McKellar na Brandy Winn. Inahusu modeli ya Ashkin na Teller, iliyobuniwa mwaka 1943 kueleza tabia ya vitu vyenye sumaku.

Chukua karatasi ya grafu, uchore miraba 10 kwa 10. Kwa kila mraba rusha sarafu mbili. Matokeo ni manne: kichwa na kichwa, kichwa na mwenge, mwenge na kichwa, mwenge na mwenge. Yape rangi nne na upake. Ni kurusha mara 200. Ukitumia sarafu mbili za rangi tofauti utazirusha pamoja na kumaliza kwa nusu ya muda, lakini zikifanana utashindwa kujua ipi ni ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Ukimaliza, fuata rangi moja kutoka mraba hadi mraba unaopakana nao ubavuni. Kona kwa kona haihesabiwi. Utaona visiwa vidogovidogo tu. Ni kawaida: kila rangi imeshika robo hivi ya karatasi, na ili rangi iliyotawanywa ovyo iungane na kusambaa bila kikomo kwenye miraba ya aina hii inahitaji kushika asilimia 59 na ushee.

Hiyo ndiyo hali ya joto kali, ambapo kila mraba hujiamulia. Sasa fikiria joto linashuka, na miraba jirani inaanza kupendelea kufanana. Visiwa vinakua. Swali la fizikia ni hili: ni wakati gani karatasi isiyo na mwisho inaweza kutulia kwa namna zaidi ya moja, mara ikitawaliwa na rangi hii, mara na ile? Jibu la Chayes, McKellar na Winn, kwa eneo fulani la modeli hiyo, ni kwamba kuna hali za utulivu zaidi ya moja ikiwa, na ikiwa tu, kuna rangi inayosambaa bila kikomo. Kabla yao jambo hilo lilijulikana kwa modeli za Potts pekee, jamii nyingine ya modeli za sumaku, kwenye karatasi bapa.

Ubapa huo si mapambo. Chukua modeli rahisi zaidi ya rangi mbili, uijenge kwa matofali, yaani urefu, upana na kimo. Huko rangi inahitaji kama asilimia 31 tu ili isambae, kwa hiyo rangi zote mbili, kila moja ikiwa na nusu yake, zinasambaa hata joto likiwa juu kabisa na hali ya utulivu ikiwa moja tu. Ile "ikiwa tu" inavunjika. Kwenye karatasi bapa rangi moja ikivuka huikatia nyingine njia, na ndiyo maana uthibitisho unashika.

Basi ana shahada ya uzamivu?

Hana. Ana shahada ya kwanza, na hajawahi kudai zaidi. Kuchapisha utafiti kabla ya kumaliza shahada ya kwanza ni jambo la nadra kwa mwanafunzi yeyote, kwa hiyo sifa yake haihitaji kutiliwa chumvi. Mara nyingi anachanganywa na Mayim Bialik wa tamthilia ya Blossom, naye nyota wa ujana wa wakati uleule, naye wa UCLA. Huyo ndiye mwenye uzamivu, katika sayansi ya neva, wa mwaka 2007.

Namba ya Erdős na Bacon ni kitu gani, na yake ni ngapi?

Ni mchezo wa kujumlisha namba mbili. Ya kwanza: Paul Erdős, mwanahisabati wa Hungaria, ni 0, aliyeandika naye utafiti ni 1, aliyeandika na huyo ni 2, na kuendelea. Chayes ana 3, McKellar akapata 4. Ya pili ni hivyohivyo kwa mwigizaji Kevin Bacon, ila badala ya utafiti ni kuigiza filamu moja. McKellar ana 2. Jumla ni 6. Mwigizaji Natalie Portman, ambaye pia ana utafiti uliochapishwa, huhesabiwa 7. Ukitaka kupiga hesabu hii mwenyewe, usihesabu vitabu vya kufundishia wala mahojiano ya televisheni, maana hapo ndipo watu hujipunguzia namba.

Vitabu vyake ni vipi, na nimnunulie mtoto kipi?

Vya wanafunzi wakubwa ni vinne: Math Doesn't Suck (2007), cha sehemu, desimali na asilimia, kwa miaka 11 hadi 13, Kiss My Math (2008), cha namba hasi na utangulizi wa aljebra, Hot X (2010), cha aljebra yenyewe, na Girls Get Curves (2012), cha jiometri. Baadaye aligeukia wadogo: Goodnight, Numbers (2017) ni cha kumsomea mtoto anayejifunza kuhesabu hadi kumi, na The Times Machine! (2020) ni cha kuzidisha na kugawanya.

Chagua kwa mada iliyomkwama mtoto, usichague kwa umri. Aliyeshindwa aljebra ya kidato cha pili mara nyingi tatizo lake ni sehemu, na atafaidika zaidi na kitabu cha kwanza kuliko cha tatu. Kumbuka pia kwamba mada zimepangwa kwa mtaala wa Marekani, si wa Tanzania wala Kenya, na Kiingereza chake ni cha mitaani; mtoto anayesoma kwa Kiswahili atahitaji mtu wa kukaa naye. Cha jiometri kinatilia mkazo uthibitisho hatua kwa hatua, na mtoto aliyezoea kukokotoa pembe tu ataona kigumu mwanzoni.

Lawama inayorudi ni kuhusu mavazi ya vitabu: majalada kama ya majarida ya wasichana, utabiri wa nyota, mifano ya vipodozi na wavulana. Wapo wanaosema huko ni kuwathibitishia wasichana kwamba hisabati bila rangi ya midomo haiwafai. Lawama ina haki yake, ila inaishia kwenye jalada. Ndani, hesabu haijalegezwa. Hatua zimeandikwa zote, pamoja na zile ambazo vitabu vingi vya shule huziruka kwa kusema "ni wazi kwamba".

Alirudi lini kwenye televisheni?

Muda mfupi baada ya chuo, polepole. Nafasi iliyoonekana zaidi ni Elsie Snuffin, mwandishi wa hotuba katika msimu wa nne wa The West Wing (2002 hadi 2003). Katika The Big Bang Theory alipita mara moja, mwaka 2010. Mwaka huohuo alianza kutoa sauti ya Miss Martian katika katuni ya Young Justice, kazi iliyodumu, kwa kusimama na kurudi, hadi 2022. Kabla ya hapo alikuwa Frieda katika Static Shock. Kazi ya sauti ilimfaa kwa sababu ya wazi: kwenye kipaza sauti hakuna anayemtazama akimtafuta Winnie.

Mwaka 2014 aliingia Dancing with the Stars, msimu wa 18, na mcheza dansi Valentin Chmerkovskiy. Alivunjika ubavu katikati ya mashindano, akaendelea kucheza, akamaliza wa sita.

Na hizi filamu za Krismasi?

Alianza kung'ara huko na Crown for Christmas ya kituo cha televisheni cha Hallmark mwaka 2015, ikafuatiwa na nyingine nyingi pamoja na mfululizo wa Matchmaker Mysteries. Mwaka 2021 alitia saini mkataba wa filamu nne na GAC Media, kampuni hasimu inayoongozwa na bosi wa zamani wa Hallmark. Ya kwanza ilikuwa The Winter Palace, Januari 2022. Filamu hizi hutengenezwa kwa wiki tatu hivi, nyingi Kanada, na theluji mara nyingi ni ya kutengenezwa. Wahakiki hawazipendi. Kwa mwigizaji wa kike aliyevuka miaka 40, hata hivyo, ni mahali pachache panapompa nafasi ya kwanza kila mwaka na jina la mtayarishaji juu yake.

Ana familia?

Aliolewa na mtunzi wa muziki Mike Verta mwaka 2009, wakapata mtoto wa kiume mwaka 2010, wakaachana 2013. Novemba 2014 aliolewa tena, na mwanasheria.

Nianzie wapi kumtazama?

Sehemu ya kwanza ya The Wonder Years, kisha ya mwisho, halafu urudi katikati. Tahadhari moja: tamthilia hii ina nyimbo zaidi ya 300, na haki zake zilichelewesha seti kamili ya DVD hadi 2014. Baadhi ya matoleo ya mtandaoni yalibadilishiwa nyimbo. Sikiliza wimbo wa ufunguzi: kama si ile sauti ya Joe Cocker inayokwaruza, umepata toleo lililokatwa, tafuta jingine. Toleo jipya la 2021, la familia ya Wamarekani weusi wa Montgomery, Alabama, ni hadithi nyingine kabisa, Winnie hayumo.